MGAMBO NI HESHIMA, LAKINI SI AJIRA: MAMA, ULIZA KABLA HUJAUZA NGURUWE

1/8
Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya. Leo siongelei homa ya mtoto wala chanjo. Naongelea mtoto aliyeshakuwa mkubwa. Yule wa miaka 19 au 20, kamaliza form four, matokeo hayakukaa vizuri, anashinda ufukweni akisubiri mitumbwi. Halafu linatoka tangazo la mafunzo ya Jeshi la Akiba, wenyewe tunaita mgambo. Anakuja mbio: "Mama, hii ndo njia ya kuingia jeshini." Na wewe macho yanakwenda kwenye banda la nguruwe.

Simama hapo hapo kidogo. Nisome mpaka mwisho, ndo uamue.

2/8
Kwanza tusielewane vibaya. Simdharau mgambo, na atakayemdharau hapa tutagombana.

Wanajeshi walipoasi Januari 1964, jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo ikaundwa JWTZ. Mwalimu Nyerere na chama chake walitaka ulinzi wa nchi uwe kazi ya wananchi, usiwe wa watu wa kambini peke yao. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukalisema hilo waziwazi. Sisi wa Ruvuma hatuhitaji kuhadithiwa, maana ng'ambo ya mto FRELIMO walikuwa wanapigana na Mreno, na vijiji vya mpakani vililala jicho moja wazi.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mgambo waliitwa kwa makumi ya maelfu. Watu waliotoka shambani walivaa sare, wakaenda, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Wapo waliorudi, na wapo ambao mama zao waliwasubiri bure. Kwa hiyo neno mgambo kwangu lina uzito. Ndo maana naumia nikiona linavyotumika sasa hivi.

3/8
Tunachanganya vitu vitatu, na wanaotudanganya wanafurahia tunavyochanganya.

JWTZ ni jeshi lenyewe. Askari ameajiriwa, ana mshahara.

JKT ilianzishwa 1963. Huko wanakwenda vijana wa mujibu wa sheria waliomaliza form six (mpango huo ulisimama 1994 ukarudi 2013), na wengine wanakwenda kwa kujitolea. Wanakaa kambini.

Mgambo ni Jeshi la Akiba. Mtoto anafundishwa karibu na nyumbani, chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi. Kwa kawaida ni wiki 16 hivi: kwata, silaha, kusoma ramani, mbinu za kivita, huduma ya kwanza, sheria kidogo. Siku ya kufunga kuna gwaride, mgeni rasmi anahutubia, mama wanapiga vigelegele, mtoto anapewa cheti. Kisha anarudi nyumbani.

Narudia, anarudi nyumbani! Akiba maana yake ndo hiyo. Mahindi ya akiba yanakaa ghalani mpaka njaa ije.

Matangazo mengi ya kuandikisha askari wa JWTZ miaka hii ya karibuni yamewataka vijana waliopita JKT. Cheti cha mgambo na cheti cha JKT si kitu kimoja. Mtu akikwambia wilayani kwetu "mpeleke mgambo, mwakani atakuwa mwanajeshi", mwombe akuonyeshe tangazo linalosema hivyo. Asipokuwa nalo, mnyime hata maji ya kunywa.

4/8
Sasa niwaambie kwa nini nina hasira. Mdogo wangu wa kiume alipita humo. Mama yetu hapa Mbaha aliuza nguruwe wawili: mmoja wa sare na buti, mwingine wa chakula na nauli kwa miezi yote ile. Kijana alihitimu vizuri, kwata yake ilikuwa inapendeza kuangalia. Nililia siku ile, kwa furaha.

Alikaa nyumbani miezi saba. Halafu akapata kazi kwenye mji mmoja, sitautaja. Kazi yenyewe ni kusimamia soko, kukimbiza wanaopanga bidhaa barabarani, kukamata wasiolipa ushuru. Mkataba hakuna. Mshahara hakuna, ila posho, ikipatikana. Mwezi mwingine haikupatikana kabisa.

Siku moja akiwa kazini alianguka kutoka nyuma ya gari, paja likavunjika. Aliletwa hospitali ninayofanyia kazi, mimi nikiwa zamu. Wauguzi wenzangu mnajua, kumpokea ndugu yako kwenye machela mikono inakuwa ya mtu mwingine. Nikauliza aliyemleta: nani analipia? Akasema anakwenda kupiga simu nje.

Mpaka leo anapiga hiyo simu.

Bima hana. Fidia hana, maana hakuna karatasi inayosema ni mfanyakazi wa mtu. Mama akauza nguruwe wa tatu.

5/8
Na kuna kingine ambacho mama aliniambia mwenyewe, akiwa kakaa pembeni ya kitanda cha mwanaye.

Mwaka huohuo alikuwa amepeleka usipa wake mjini kuuza. Mgambo wakapita, wakachukua beseni zima, na halikurudi. Nikamuuliza, "Ulifanyaje mama?" Akasema, "Ningefanyaje? Nilimwangalia yule kijana nikajua hajala tangu asubuhi. Na yeye ana mama yake."

Jamani, hapo ndo pana shida yote. Sheria ya 1975 ilimpa mgambo aliye kazini uwezo wa kukamata unaofanana na wa polisi. Sawa. Lakini ukimpa mtu uwezo wa kukamata na usimpe mshahara, unategemea atakula wapi? Atakula kwenye beseni la mama mwenye usipa. Atakula kwenye elfu mbili ya bodaboda. Sisi tunamtukana mgambo sokoni asubuhi, jioni tunamchangia mtoto wetu nauli aende akawe mgambo. Yule anayeokoa hela ya mshahara yuko ofisini, feni inazunguka, hatumtukani kamwe.

Simwachii yule kijana. Kunyang'anya ni kunyang'anya, na aliyepiga mama mjamzito sokoni apelekwe mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Lakini njaa yake ina mtu aliyeipanga.

6/8
Najua mtasema: "Sista, huu ni uzalendo. Kulinda nchi si kwa kulipwa."

Mimi pia nina uzalendo. Nimezalisha akina mama usiku kwa tochi ya simu. Lakini tarehe ikifika nataka mshahara wangu, na hakuna aliyewahi kuniita msaliti. Kwa nini mtoto wa mvuvi ndo apimwe uzalendo kwa njaa?

Na siyo kwamba haiwezekani. Marekani, askari wa akiba wa kawaida wa National Guard anafanya mazoezi karibu wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Siku hizo analipwa, anaweza kusaidiwa ada ya chuo, na sheria inamlinda asifukuzwe kwenye kazi yake ya uraiani kwa sababu kaitwa jeshini. Uingereza vilevile, askari wa akiba analipwa kwa siku aliyotumika. Kule mtu ni fundi, mwalimu au muuguzi, na juu yake ni askari wa akiba, anapanda vyeo pande zote mbili. Hiyo ndo kazi ya akiba yenye maana.

Najua wana hela kutuzidi. Basi tuanze na dogo: ukimwita mtu siku moja, mlipe siku moja. Ukimtumia kila siku, huyo si akiba tena. Huyo ni mfanyakazi, mpe mkataba.

Jirani zetu Kenya nao walikuwa na askari wa akiba waliolinda vijiji vya kaskazini miaka mingi bila mshahara. Tusiifanye hiyo iwe desturi yetu.

7/8
Kwa hiyo mama, simkatazi mtoto wako. Mafunzo yanamjenga. Ananyooka, anaamka alfajiri, anajifunza kumfunga mtu jeraha. Na cheti kinasaidia kwenye kampuni za ulinzi. Lakini kabla ya kuuza kitu, kaa naye mkekani muulizane:

- Gharama zote ni kiasi gani, na kila shilingi inakwenda wapi? Dai risiti.
- Akiumia kwenye mafunzo, nani anamtibu? Jibu lisiwe "tutaona".
- Baada ya cheti, mpango wake ni upi? Kama ni JWTZ, aangalie njia ya JKT. Kama ni ulinzi, kampuni gani, mkataba uko wapi? Kampuni inayoajiri mlinzi inatakiwa impe masharti ya kazi kwa maandishi, na imchangie kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Isipofanya hivyo, siku ya kuvunjika paja mtakuwa wawili, wewe na yeye.
- Ana ufundi mwingine pembeni? Cheti cha mgambo na cheti cha ufundi umeme vinakwenda pamoja. Cha mgambo peke yake kinaning'inia ukutani.

Na hapa naongea kama muuguzi: MSIFICHE MARADHI. Mtoto ana selimundu, pumu, kifafa au tatizo la moyo, mnaficha ili apite kwenye usaili. Kukimbia juani na maji kidogo kunaweza kumuua mwenye selimundu. Binti naye apime ujauzito kabla ya kuripoti, na ajue kwamba hakuna mkufunzi wala mkubwa yeyote mwenye haki ya mwili wake. Akitishwa, arudi nyumbani siku hiyohiyo, na nyumbani apokelewe bila kelele. Cheti kitapatikana mwaka mwingine.

8/8
Mwisho. Madiwani watapita kuomba kura, na watasema "vijana changamkieni fursa za mgambo". Mkono wako ukiwa bado umeshika beseni, muulize moja tu: "Mheshimiwa, hawa mgambo mnaowatumia kila siku, kwenye bajeti ya halmashauri mshahara na bima yao viko ukurasa wa ngapi?" Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023. Kama ni kwa wote, yule anayesimama juani kukusanya ushuru naye ni mmoja wa hao wote.

Akibabaika, mshike hapohapo, na mwenzako aulize tena kijiji kinachofuata. Lituhi waulize, Liuli waulize, Mbamba Bay waulize. Akina mama kumi wakiuliza swali lilelile, ataanza kulitafuta jibu kabla hajafika.

Mdogo wangu anatembea sasa, ila mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo. Kwata hawezi tena. Sare yake mama kaifua, kaipiga pasi, kaitundika. Anasema nchi ikivamiwa ataivaa tu hivyohivyo na mguu wake. Na namwamini.

Mtu wa namna hiyo mnamnyima hata kadi ya bima?

Nina zamu ya usiku, naingia wodini. Mtumie mama mwenzako mwenye kijana nyumbani. Usiku mwema.