Kompyuta Inasema Nyuzi 127? Ficha Pochi!

Tuseme una steshenari yako pale Malolo, upande wa Ruangwa na Nachingwea, na kompyuta moja ya mezani ndiyo inayokulisha. Msimu wa korosho umeingia, wateja wamejaa mlangoni. Kijana wako kaweka programu ya kupimia joto la mashine, mara skrini inatangaza nyuzi joto 127! Fundi anakuja, anakuna kidevu, eti madabodi imekufa, toa laki mbili.

Ngoja kwanza, bwana.

Prosesa nyingi hujipunguza kasi au kuzima zenyewe zikifika kwenye nyuzi 100 hivi. Kama hizo 127 zingekuwa za kweli, mashine ingekuwa imelala zamani. Vichipu vingi vya kupimia joto huweka jibu lao kwenye baiti moja tu, na baiti hiyo huanzia -128 na kugota 127. Ukiona namba hizo, mara nyingi hapo hakuna kihisi kilichofungwa kabisa. Programu inasoma hewa!

Mimi naogopa zaidi uongo mtamu. Skrini inasema prosesa ina nyuzi 15, na wewe umevua shati kwa joto la Novemba. Inawezekana wapi? Feni inapuliza hewa ileile ya chumbani. Chumba kikiwa na nyuzi 32, prosesa haishuki chini ya hapo. Unakaa umeridhika, kumbe vumbi jekundu limeshaziba mapezi yote.

Kuna na uongo wa kiwandani. Mwaka 2017 AMD walitoa Ryzen 7 1700X na 1800X, zikitoa namba iliyoongezwa nyuzi 20 makusudi, kwa ajili ya kuendeshea feni. Programu isiyojua mchezo huo ilisoma 58 wakati ukweli ni 38. Watu roho juu! Dawa yake ni kuweka toleo jipya la programu, basi.

Sasa fanya hivi. Washa upya, ingia BIOS, usome joto humo. Likizidi kidogo lile la programu usishtuke, maana humo prosesa haipumziki sawasawa. Umeme nao: programu ikidai laini ya volti 12 ina 8, chukua mita, gusa waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya diski, mashine ikiwa inawaka. Ukipata kati ya 11.4 na 12.6, aliyeongopa ni programu. Pawasapulai yenyewe usiifungue, ina umeme unaobaki ndani hata ukichomoa.

Kisha zima, chomoa, puliza vumbi huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Kama bado inazima yenyewe kila mchana, mwite fundi, na umwambie aje na mita yake.