Viti Vitupu vya Dublin

Yako maneno yanayozunguka siku hizi katika matawi yetu, na kwa kuwa yanasemwa na watu wetu wenyewe, tena watu waaminifu waliotoa jasho lao kwa ajili ya chama, hatuwezi kuyapita kama tusiosikia. Husemwa hivi: wajumbe wetu Barazani ni wachache, Serikali ina wingi wa kura, kila hoja tuipelekayo huanguka, basi wanangoja nini humo ndani? Watoke, wakae nje pamoja na umma, na mabwana wakubwa wabaki wakisemezana na kuta.

Yapo na maneno ya upande wa pili, nayo hutoka kwa mabwana hao hao. Wao husema ati mjumbe wa upinzani anayetia ulimi wake katika mambo makubwa ya nchi, kama ulinzi na mipaka na fedha, anafanya khiyana, na uzalendo ni kunyamaza. Tazameni, ndugu wasomaji, jinsi makundi haya mawili yasivyopendana na jinsi yanavyotaka jambo moja: kwamba kiti cha mpinzani kiwe kitupu.

Sisi tunasema la, wala hatutajibu kwa matusi. Tutajibu kwa mfano wa kisiwa kingine, kilicho mbali na bahari yetu lakini kilichotawaliwa na Mwingereza yule yule, nacho ni Ayalandi.

Mkataba wa Ayalandi na Uingereza ulitiwa saini tarehe 6 Desemba 1921, ukaipa sehemu kubwa ya kisiwa utawala wake, ukawataka wajumbe wale kiapo cha utiifu kwa Mfalme, na ukaacha kaskazini mikononi mwa wengine. Tarehe 7 Januari 1922 Bunge lao, waliitalo Dáil, likaukubali kwa kura 64 dhidi ya 57. Ndugu wakagawika. Katika Juni mwaka huo ukafanywa uchaguzi, na kabla mwezi haujesha mizinga ikalia katika mji wa Dublin: watu waliopigana bega kwa bega na Mwingereza wakaanza kuuana wao kwa wao. Bunge jipya lilipokutana tarehe 9 Septemba 1922, wajumbe walioupinga mkataba hawakuingia. Walisema Bunge hilo si halali. Viti vyao, zaidi ya 30, vikabaki vitupu.

Ni nani basi aliyebaki kuwa upinzani? Kilibaki chama kidogo cha wafanyakazi. Kilisimamisha watu 18 katika uchaguzi ule na 17 wakashinda, na kiongozi wao alikuwa Bwana Thomas Johnson. Huyu hakuzaliwa Ayalandi. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1872, na maisha yake yote ya siasa walikuwapo waliomtupia uzawa wake usoni, wengine wakiwa ndani ya harakati za wafanyakazi wenyewe. Mtu huyo waliyemwita mgeni ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya ile Programu ya Kidemokrasia iliyosomwa katika Bunge la kwanza la wazalendo tarehe 21 Januari 1919. Wenye akili watajua kwa nini tumelitaja jambo hili.

Bwana Johnson alikuwa na watu 17 katika Bunge la wajumbe 128. Siku moja tu baada ya Bunge kufunguliwa, watu wa posta waligoma kwa kupunguziwa mishahara, na Serikali mpya, ambayo wino wa uhuru wake ulikuwa haujakauka, ikasema kwamba mtumishi wa Serikali hana haki ya kugoma. Akasimama kuwatetea. Akashindwa kwa kura. Katika siku za mwisho za mwezi ule Serikali ikaomba idhini ya kuweka mahkama za kijeshi zenye uwezo wa kuhukumu kifo, hata kwa mtu atakayekutwa na silaha tu. Akapinga tena, na akashindwa tena.

Wenzetu wanaotaka tususie watasema: si hayo tunayoyasema sisi? Na wasubiri kidogo.

Tarehe 17 Novemba 1922 vijana wanne wa Dublin wakapigwa risasi kwa kosa la kukutwa na bastola. Tarehe 24 akafuata Erskine Childers, naye kwa bastola, hali rufaa yake ilikuwa haijamalizika. Kisha, tarehe 7 Desemba, wapinzani wenye silaha wakamwua Seán Hales, mjumbe wa Bunge, na kumjeruhi naibu wa Spika. Hatuwatetei waliofanya hivyo. Lakini alfajiri ya pili yake Serikali ikawatoa watu wanne katika jela ya Mountjoy, Rory O'Connor, Liam Mellows, Joe McKelvey na Dick Barrett, ikawapiga risasi. Hawakushitakiwa wala hawakupelekwa mbele ya mahkama yoyote. Isitoshe, walikuwa wamo kizuizini tangu vita vilipoanza kiangazi kile, basi ni kwa mkono gani wangemwua Hales njiani Dublin? Tangazo la Serikali yenyewe lilisema wazi kwamba kitendo kile ni kisasi na ni onyo.

Siku ile ile Bunge likakutana. Fikirini hali ya chumba kile. Mjumbe mwenzao amelala maiti, mji umejaa askari, na waziri wa mambo ya ndani, Kevin O'Higgins, ndiye ambaye Rory O'Connor alisimama ubavuni pake siku ya harusi yake mwaka mmoja tu uliopita. Katika saa kama hiyo ni nani asiyetamani kuinamisha kichwa? Bwana Johnson akasimama, akayaita mauaji yale kwa jina lake: mauaji. Akawaambia mawaziri kwamba Serikali inayoua mfungwa bila hukumu imeivunja sheria ile ile inayodai kuipigania. Ikawabidi mawaziri wainuke mmoja mmoja kujieleza. O'Higgins alijitetea mpaka machozi yakamzidi, akaketi. Kura zikapigwa, Serikali ikashinda, na watu wakaendelea kupigwa risasi hata mwaka 1923. Jumla yao ilipita 70.

Basi alipata nini? Tunajibu: alipata kwamba jambo lile halikupita gizani. Maneno yake na maneno ya mawaziri yameandikwa katika daftari la Bunge, siku na mtu na jibu, na mpaka leo hakuna awezaye kusema kwamba taifa zima lilikubali. Lau viti vyote vya upinzani vingalikuwa vitupu asubuhi ile, daftari lingaliandika kwamba hakuna aliyepinga. Wala hatusemi kwamba wale waliokaa nje hawakuwa mashujaa. Tunasema kwamba ushujaa wao haukuweza kuuliza swali, kwa sababu swali huulizwa na mtu aliyemo.

Tukiacha damu, tuje kwenye mkate. Mwaka 1924 waziri wa fedha, Ernest Blythe, alikata posho ya wazee: mzee aliyekuwa akipata shilingi 10 kwa wiki akapewa 9. Mwaka huo huo, tarehe 30 Oktoba, waziri wa viwanda na biashara, Patrick McGilligan, alisimama Bungeni katika mazungumzo juu ya watu wasio na kazi, akasema kwamba fedha zina kikomo na huenda watu wakafa katika nchi hii, wakafa kwa njaa. Alisema hayo katika nchi ambayo kila nyumba inakumbuka njaa kuu ya 1845! Jee, waziri angeyasema maneno hayo kama asingebanwa? Mtawala hawezi kufunua moyo wake kwa kuta. Huufunua anapoulizwa na mtu asiyeweza kumfukuza. Chama kidogo kile kilimbana, na maneno yakamtoka, nayo yamemfuata kwa miaka 100.

Na wale waliosusia walikuwa wapi? Katika uchaguzi wa Agosti 1923 watu wa Sinn Féin walipata viti 44, na watu wa Johnson 14. Tuwe waadilifu: wengi katika hao 44 walikuwa jela, na kiongozi wao, Bwana Éamon de Valera, alikamatwa katika kampeni na hakutoka mpaka Julai 1924. Lakini baada ya hapo milango ya jela ilikuwa wazi, na ya Bunge pia. Hawakuingia. Mzee wa Kerry au wa Mayo aliyewapa kura yake, na shilingi yake ikakatwa, hakuwa na mtu wa kumsemea ila mjumbe wa chama ambacho hakukichagua. Wahenga wetu walilisema hili kwa maneno manne: asiyekuwapo na lake halipo.

Lililo kubwa zaidi lilikuja Desemba 1925. Waliosusia walikuwa wakililia kaskazini kuliko jambo lolote; ndilo lililokuwa wimbo wao. Tarehe 3 Desemba Serikali ya Dublin ikaafikiana na London na Belfast kwamba mpaka ubaki pale pale ulipo. Wafanyakazi wakapinga. Bwana Johnson na wenzake wakakutana na wale wa Sinn Féin, wakawasihi waje, waingie, waokoe wanachokililia. Wakakataa, kwa sababu ya kiapo. Bunge likapitisha mapatano kwa kura 71 dhidi ya 20.

Tuhesabu, kwani hesabu haina hizbu. Ongezeni wale 44 juu ya 20, mtapata 64. Bado si 71, nasi hatutadanganya. Lakini Serikali iliyo mbele kwa kura 51 hulala usingizi, na iliyo mbele kwa kura 7 huhesabu watu wake mlangoni, humbembeleza kila mwenye shaka, na pengine hurudi mezani kutaka masharti mengine. Mpaka ule upo hata leo.

Sasa kiapo. Hicho ndicho kilichokuwa kisa cha kususia. Watu wa Johnson walikila mwaka 1922 wakieleza kwamba kwao ni utaratibu wa kuingilia mlangoni tu, na kwa hayo wakatukanwa. Mwaka 1927, mwezi Julai, O'Higgins akauawa, na Serikali ikaleta sheria ya kumlazimisha kila mgombea aahidi kwamba akichaguliwa ataingia. Mwezi Agosti Bwana de Valera na watu wake wa chama kipya, Fianna Fáil, wakaenda, wakatia saini katika kitabu kile kile, wakasema kwamba ni maneno matupu. Maneno matupu! Kama yalikuwa matupu mwaka 1927, yalijaa nini mwaka 1922?

Na mara tu walipoingia, nchi ilitikisika. Tarehe 16 Agosti 1927 Bwana Johnson alileta hoja ya kutokuwa na imani na Serikali. Kwa mara ya kwanza upinzani ulikuwa na watu wa kutosha, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ashike uongozi wa nchi. Kura zikahesabiwa: 71 kwa 71. Spika akatia kura yake upande wa Serikali, ikapona. Mjumbe mmoja wa Sligo, John Jinks, wa chama kidogo kilichoahidi kuunga mkono hoja, hakuwapo chumbani; na mmoja wa wafanyakazi wenyewe, T. J. O'Connell, alikuwa safarini Kanada. Alipokaa de Valera nje kwa miaka mitano, viti zaidi ya 40 vilikuwa vitupu na Serikali haikutetereka. Alipoingia, kiti kimoja kitupu ndicho kilichoamua.

Hatufichi yaliyomfika Johnson. Uchaguzi ukarudiwa Septemba, chama chake kikaanguka kutoka viti 22 hadi 13, naye akapoteza chake. Aliyelinda mlango miaka mitano aliachwa nje siku wengi walipoingia. Alikwenda kukaa katika Seneti mpaka 1936 akiendelea na kazi ile ile, akafariki mwaka 1963. Siasa haina shukrani, na anayetaka shukrani na afuge kuku.

Lakini kile kiapo kilikwishaje? Hakikufutwa kwa kususiwa. Bwana de Valera alishika Serikali Machi 1932, akisaidiwa na kura saba za wafanyakazi, na mwaka 1933 sheria ya kukiondoa ikapita katika Dáil, kwa mikono ya watu waliokuwa wameketi kwenye viti vyao.

Mkutano wa matawi unakuja. Atakayesimama kutaka wajumbe wetu watoke Barazani tutamsikiliza kwa adabu, kisha tutamwuliza jambo moja: siku bajeti itakaposomwa na posho ya wazee wa shamba kwake ikaguswa, ni nani atakayenyanyua mkono kuuliza kwa nini? Atutajie jina lake, nasi tutaliandika katika gazeti hili.