PANTONI NAYO HUCHOKA

Kwa muda mrefu tumezoea kusikia habari moja kutoka Magogoni: pantoni imeharibika. Habari hiyo haitushtui tena. Mwananchi wa Kigamboni akiisikia alfajiri huuliza tu, "Imebaki ipi?" Kisha huanza kuhesabu kama nauli aliyonayo itatosha kuzungukia darajani. Sisi tunaona kwamba ugonjwa wote wa vivuko vyetu umo ndani ya swali hilo dogo, na leo tunataka kuuzungumza bila kufichana.

Wengi husema ugonjwa ni uzee. Vivuko vimezeeka, basi vinunuliwe vingine, kwisha maneno. Hatukubali. Katika Ziwa Tanganyika iko meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe kwa makusudi mwaka 1916 vita vilipowaelemea, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza kazi ya kuchukua watu na mizigo yao, na kazi hiyo ikaifanya kwa miongo na miongo, hata walioiunda na walioiibua wote wamekwisha kuzikwa. Chuma hakihesabu miaka kama sisi tunavyohesabu. Chuma huuawa na kutu isiyokwanguliwa, na injini huuawa na mafuta yasiyobadilishwa kwa wakati wake. Zaidi ya yote, chombo huuawa na kukosa siku ya kupumzika.

Hapo ndipo penye neno letu. Kivuko hakiwezi kutengenezwa huku kinavusha watu. Sharti kipandishwe kwenye chelezo, tumbo lake lionekane, mabamba yaliyoliwa yakatwe na kuwekwa mapya. Wakati huo wote watu wavuke na nini? Kama hakuna chombo cha akiba, msimamizi hana la kufanya ila kusema, "Tuendelee kidogo, tutakitengeneza mwezi ujao." Mwezi ujao naye husema hivyo hivyo, mpaka chombo chenyewe kikatae katikati ya maji.

Tuchukue mfano wa Magogoni, maana hesabu yake haihitaji chuo. Palikuwa na vivuko vitatu. MV Magogoni ndicho kikubwa, huchukua watu 2,000 na magari 60. MV Kigamboni na MV Kazi ni vidogo, kila kimoja watu wapatao 800. Jumla ni watu 3,600 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 2023 MV Magogoni kikapelekwa Mombasa kwa matengenezo makubwa. Wakabaki watu 1,600, yaani pungufu ya nusu! Lakini watu wa kuvuka hawakupungua hata mmoja. Wafanyakazi walikuwa wale wale, wanafunzi wale wale, mama wanaowahi samaki wa Feri kabla jua halijapanda wale wale, na wagonjwa wa kupelekwa Muhimbili wale wale. Mzigo wote ukaangukia vile vidogo viwili, usiku na mchana. Je, ndugu msomaji, unadhani navyo vilibaki wima? Punda wa tatu akiugua, ukiwabebesha wawili mzigo wake bila kuwapa majani, usishangae kuona zizi zima limelala chini.

Matengenezo yale ya Mombasa nayo yalikawia kuliko watu walivyotegemea. Hatuna kinyongo na ndugu zetu wa Mombasa, ni mafundi na wana vyombo vya kazi. Lakini MV Kazi kiliundwa hapa hapa nchini na kampuni ya Songoro ya Mwanza, kwa mikono ya vijana wetu. Nchi iliyoweza kuunda kivuko kizima itashindwaje kujiandaa kukitengeneza kikubwa nyumbani kwake? Fedha inayolipwa fundi wa nyumbani hufundisha pia vijana kumi wanaomshikia taa.

Yako maneno mengine yanayotuudhi, na hayo ni ya mabwana wakubwa wanaosema kwamba wananchi wenyewe ndio wakaidi, kazi yao ni kusukumana na kujaza vyombo kupita kiasi. Sisi tumesimama katika lango lile na wenzetu, tukasukumwa na tukasukuma. Mtu anayejua kwamba pantoni nyingine inakuja baada ya dakika kumi hapigani. Anayepigana ni yule asiyejua kama iko nyingine.

Jambo hili si la kubishania kwenye baraza la kahawa, maana limekwisha kutuzikia watu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara kikitoka Bugolora, Ukerewe. Kivuko kile kiliundwa kwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Tuangalie vizuri hapo. Injini hazikuwa zimechoka, kwani miezi michache tu nyuma kilikuwa kimefungwa injini mpya. Lakini kilikuwa peke yake, na ilikuwa siku ya gulio. Mama aliyekuwa na mahindi yake Bugolora siku ile angesubiri nini? Kosa la kupakia kupita kiasi ni kosa, wala hatulitetei. Ila tunasema kwamba mahali penye chombo kimoja tu, kosa hilo linapikwa kila siku ya gulio, kungoja siku litakapoiva. Majirani zetu wa Mombasa walionja uchungu huo kabla yetu, tarehe 29 Aprili 1994, pale Mtongwe, watu 272 walipozama.

Labda mtu atatuambia, "Daraja si lipo?" Ni kweli lipo, mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016 na kupewa jina la Mwalimu, nasi tunajivunia. Kwa mwenye gari limekuwa neema. Lakini kabwela anayetoka kwa miguu Kigamboni kwenda Kivukoni, daraja la Kurasini kwake ni safari nyingine, na nauli nyingine juu ya ile aliyonayo.

Na hiyo nauli tuizungumze. Mwaka 2012 ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200, kukawa na makelele mengi, na majibu makali yakatolewa. Wananchi wakalipa. Waliolipa wana haki ya kuuliza: katika kila shilingi 200, ngapi huwekwa kando kwa ajili ya chelezo na vipuri, katika mfuko ambao haufunguliwi kwa kazi nyingine? Tunataka jibu lake liandikwe kwenye ubao pale langoni, kwa herufi za kusomeka. Pawe pia na tarehe ya kila kivuko kupanda chelezo mara ya mwisho, na tarehe ya kupanda tena. Na kabla ya kununua kivuko cha kukimbiza zaidi, kinunuliwe kimoja cha kukaa akiba tu, hata kama wapita njia watakiona kimefungwa gatini na kusema ni fedha iliyolala. Ilale.

Hata sisi wenyewe hatuna budi kukiri jambo. Kivuko kipya kikizinduliwa tunakwenda na ngoma, tunavaa sare, tunapiga vigelegele utepe ukikatwa. Hatujawahi kwenda na ngoma kumpongeza fundi aliyebadilisha pampu kabla haijafa. Kwa hiyo viongozi nao wamejifunza kutoka kwetu ni kazi ipi inayopigiwa makofi.

Makatibu wa matawi ya Kigamboni, Tungi, Mjimwema na Kivukoni tunawaomba waliweke swali la shilingi 200 katika mkutano wa mwezi huu, waandike majina ya waliouliza, na barua ipelekwe kwa wasimamizi wa kivuko kwa mkono, si kwa posta. Atakayeipeleka avuke kwa pantoni saa kumi na mbili ya asubuhi.