Kabla ya mzinga, hesabu miti

Vijana wanaopita kwenye karakana yangu ya kuchomelea vyuma hapa Manika, Kolwezi, nchini Kongo, wakisikia kwamba nafuga nyuki, huniuliza kwanza bei ya mzinga. Nami huwauliza: pale utakapoutundika, miti ya muputu inayowalisha nyuki imebaki mingapi?

Silikwepi swali lao. Nyuki huruka kilometa tatu, hata zaidi, kutafuta chakula, kwa hiyo mzinga mmoja hulishwa na eneo la kilometa za mraba kama 28. Wachoma makaa wakilimaliza eneo hilo, hata mzinga wa mbao safi namna gani utabaki mtupu. Nyuki wetu hawavumilii njaa wala usumbufu. Kundi zima huhama. Hata ng'ambo hawakukaa: mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alipeleka Brazili malkia wa nyuki wa Afrika, wakiwemo wa Tabora, nchi ya miombo kama hii yetu. Mwaka uliofuata makundi yalitoroka, na uzao wao ukaenea hadi Marekani.

Mzee aliyenifundisha anakaa kijijini, upande wa ziwa Nzilo. Hakuanza kwa kunionyesha mzinga. Alinitembeza porini mwezi wa Septemba, miombo ikichipua majani mekundu kabla ya mvua, akaninamishia tawi la muputu nione maua yake madogo, ambayo mpita njia hayaoni kabisa. "Mwanangu, asali yako iko hapa juu," aliniambia. Mvua zilipokaribia kwisha akaniita tena, safari hii kwa ajili ya maua ya mutondo. Kwa miti hiyo miwili nikajua wakati wa kutundika, wakati wa kurina na wakati wa kuwaacha nyuki wapumzike. Anayeanza angetumia mwaka wake wa kwanza hivyo, asingepoteza fedha zake.

Kwa jambo moja tu sikubaliani na mzee wangu, naye anajua. Yeye bado anatumia mzinga wa gome. Gome likivuliwa kuzunguka shina lote, mti unakufa. Pori lilipokuwa pana na watu wachache, hasara hiyo haikuonekana, leo inaonekana. Mimi natengeneza mizinga ya mbao yenye vijiti vya juu, ule mtindo ulioendelezwa Kenya miaka ya 1970. Kila kijiti kina upana wa milimita 32, kwa kuwa nyuki wetu hujenga masega yao kwa nafasi hiyo. Ukizidisha, wanajenga sega kutoka kijiti kimoja hadi kingine, na siku ya kufungua unapasua kila kitu, asali na majana pamoja. Bomba la moshi nimelitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga. Waya za kutundikia nazipaka grisi, siafu wasipite.

Kazi ya kurina hufanywa jioni, kwa utulivu. Ukichomwa, mwiba huacha harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine. Elekeza moshi pale pale, usikimbie ukipiga mikono. Chukua masega yaliyofunikwa kwa nta tu. Yenye majana waachie wenyewe, na asali kidogo ya kuwavusha.

Na tafadhali, mtu asiweke mzinga ndani ya parselo, yaani kiwanja cha nyumba, mjini. Kule Kasulo, ambako watu wanachimba kobalti chini ya nyumba tangu 2014, nyumba zinagusana na watoto wanacheza kila mahali. Mimi natundika si chini ya mita 300 kutoka nyumba na njia, mbali pia na madimbwi ya mabaki ya mgodi, maana nyuki hunywa maji wanayoyakuta.

Sheria yetu ya migodi ya 2018 inayataka makampuni yatoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka. Mtu akipendekeza mizinga igawiwe kwa fedha hizo, nitaunga mkono ikiwa pori limetengwa kwanza, mipaka yake ikakubaliwa na chifu, na walinzi wake wakalipwa kila mwezi. Wanaochoma makaa nawajua, wengine ni wateja wangu. Gunia la makaa linauzwa wiki hii na watoto wanakula. Asali inangoja maua. Kwa hiyo kazi hiyo ya ulinzi wapewe wao kwanza, kwa mshahara, na wazee kama yule wa Nzilo walipwe kama walimu. Kikao cha kupanga hayo kikiitishwa, nitakwenda na vijiti vyangu vya milimita 32, na sitadai hata faranga moja kuwaonyesha watu jinsi ya kuvikata.