Bundi wa shule ni faida kwa mkulima

Katika shule nyingi za vijijini wanafunzi hufundishwa kufagia uwanja na kufyeka kila kichaka. Usafi ni jambo jema, lakini ni nadra mtoto kuonyeshwa kinachoishi katika kichaka hicho kabla hakijafyekwa.

Matokeo yake, bundi akionekana darini hupigwa mawe, eti ni ndege wa wachawi. Kumbe usiku ndege huyo huwinda panya, wale wale wanaofukua mbegu za mahindi zikishapandwa na kumrudisha mkulima dukani kununua nyingine. Anayepoteza hapo ni mzazi wa mtoto aliyerusha jiwe.

Mpango wa Roots & Shoots ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991, Jane Goodall akiwa na wanafunzi 12 tu. Si lazima kukodi basi la kwenda Mikumi. Daftari, mwalimu mwenye subira na kona moja isiyofyekwa vinatosha. Kona hiyo iwe mbali na madarasa na vyoo, kwani hofu ya wazazi juu ya nyoka ni ya haki.

Kamati za shule ziitenge kabla ya mvua zijazo, na bundi wa darini aachwe.