Mpira wa Boljointi Usidharauliwe

Ndugu askari, madereva wetu hukagua maji na oili kila alfajiri, lakini ni wachache wainamao chini ya gari. Sisi twaona mpira wa boljointi uliochanika haustahili kungojea zamu ya matengenezo. Grisi hutoka, vumbi na maji huingia, chuma husagana, hata gurudumu likalala safarini na gari limejaa watu.

Twapinga pia desturi ya kuchomoa boljointi kwa uma na nyundo. Uma huo ndio uchanao mpira uliokuwa mzima, itumike pula. Grisi mpya itiwe kwa kiasi, maana ikizidi hupasua mpira. Pini ya zamani isirudishwe. Na boljointi iliyokwisha kulegea ibadilishwe yote. Mpira mpya utaficha ubovu tu.