MWAMBA UMEFUNGWA, WEWE UNAINGIA USIKU



Ndugu zangu, kila kijiji cha pwani kinapokubaliana kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu, hakosi mtu wa kusema: "Bahari ya Mungu, rizki ya Mungu, nani wa kunifungia?" Anadhani ametamka tawhidi. Wallahi ametetea tumbo lake tu.

Pweza ametafitiwa, na aliyemuumba ndiye aliyetupa akili ya kumtafiti. Umri wake mfupi. Jike hutaga msimu mmoja tu, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, yakianguliwa naye anakufa. Ukimchokoa kabla, umeondoka na kizazi kizima. Na pweza mdogo hukua upesi ajabu: wa nusu kilo unayemchukua leo, ungemwacha miezi michache angekuwa mara kadhaa ya hapo. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walilijaribu hili pamoja na watafiti mwaka 2004. Mwamba ulipofunguliwa walitoka na pweza wakubwa, na vijiji jirani vikaiga. Kwetu Pemba, Kisiwa Panza nao wamefunga.

Wanaosema huu ni uzushi wa Wazungu wasome sira. Mtume (s.a.w.) aliitenga Naqi' iwe hima, malisho ya farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) akatenga Rabadha, na akamwagiza msimamizi wake amruhusu mwenye ngamia na kondoo wachache, ayazuie makundi ya matajiri, hata ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan (r.a.).

Hapo kamati za uvuvi nazo zisikilize. Mama anayeshuka bamvua na kijiti chake kutafuta kitoweo ndiye anayeumia mwamba ukifungwa. Fungeni sehemu, mwachieni sehemu. Mkimzuia yeye halafu jamaa zenu wakaingia na vyombo, msituletee jina la hima.

Na wewe wa tochi, unayevizia usiku wa kuamkia siku ya kufungua! Yule mama amevumilia miezi mitatu kwa neno la watafiti na ahadi ya kijiji. Ulichobeba ni haki yake. Usije kuniuliza kama sadaka ya pesa hizo inakubaliwa. Kamrudishie kwanza, halafu tuzungumze.

Wallahu a'lam.